Safu Mbili Zinazojibizana: Safari ya Uimbaji kutoka Jeddah hadi Riyadh

Katika vijiji vya Hispania imejengeka desturi ya likizo za kuimba, yaani safari ambazo watu wasiojuana, wengi wao kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, hulipia malazi na chakula katika nyumba moja ya shamba, hufanya mazoezi kila asubuhi chini ya mwalimu wa kwaya, hupumzika jua linapokuwa kali, na mwishoni mwa juma huimba kanisani mbele ya wenyeji, mara nyingi nyimbo za watunzi kama Tomás Luis de Victoria, mwana wa Ávila aliyeishi kati ya mwaka 1548 na 1611. Anayezitazama safari hizo kwa makini huona kwamba zina nguzo nne: kutoka nyumbani, kulala pamoja, mazoezi, na onyesho la kufungia. Nguzo hizo zote zipo katika Saudi Arabia, kwenye njia inayoanzia Jeddah katika pwani ya Bahari ya Shamu, ikapanda milima hadi Taif, na kuishia Riyadh katikati ya Bara Arabu, ila mpangilio wake ni mwingine. Kule Hispania wimbo ndio unaowakusanya wageni wakawa kundi, ilhali huku kundi limekuwapo tangu zamani, liwe ni ukoo, kabila au mtaa, na wimbo ni mlango ambao mwenyeji humfungulia mgeni akaingia kwa muda.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni katika miji hiyo, tofauti hii ina uzito wake. Sehemu kubwa ya uimbaji wa pamoja nchini Kenya, Tanzania na Uganda hulelewa na kwaya za makanisa, na kwa kuwa Saudi Arabia hairuhusu ibada ya hadharani ya dini nyingine zaidi ya Uislamu, kwaya ya namna hiyo haina jukwaa huko. Maulidi nayo, ambayo kule Lamu huwakusanya wageni wakalala siku kadhaa kwa ajili ya sherehe za Msikiti wa Riyadha, hayamo katika sikukuu zinazotambuliwa na dola ya Saudi Arabia. Kinachobaki, nacho si haba, ni nyimbo za safu, ambamo wanaume hujipanga katika mistari miwili inayotazamana, mstari mmoja ukianza ubeti na wa pili ukiupokea, kwa makofi, kwa ngoma au kwa matari. Aliyekulia kwenye kasida na dufu atajiona yuko kwa jamaa, lakini aliyezoea kwaya ya sauti nne atalazimika kusikiliza upya, kwa sababu hapa watu wote hushika tuni moja, na ladha hutafutwa katika mapigo, katika makofi yanayopishana, na katika zamu ya kuitikia.

Safari ya waimbaji katika nchi hizi si jambo la juzi. Abu al-Faraj al-Isfahani, mwandishi aliyefariki mwaka 967, amesimulia katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Kitab al-Aghani, yaani Kitabu cha Nyimbo, habari za Jamila, mwimbaji wa Madina wa zama za utawala wa Banu Umayya, ambaye inasemekana alijifunza kuimba kwa kumsikiliza jirani yake kupitia ukutani. Mwanamke huyo alipokwenda kuhiji, alifuatana na waimbaji mashuhuri wa Madina pamoja na vijakazi waimbaji wapatao hamsini, na alipofika Makka akapokewa na waimbaji na washairi wa mji huo. Walipomwomba awaimbie papo hapo alikataa, kwa hoja kwamba hakutaka kuchanganya ibada na burudani, kwa hiyo waliotaka kumsikia walimfuata hadi Madina, ambako aliwafungulia nyumba yake kwa siku tatu, na katika siku ya tatu aliwaketisha wale vijakazi hamsini nyuma ya pazia, kila mmoja na udi wake, wakaimba na kupiga pamoja naye. Hata kama msimulizi aliandika zaidi ya karne mbili baada ya tukio na huenda aliipamba habari, kisa hicho kinaonyesha kwamba Waarabu wa Hijazi, eneo la magharibi lenye Makka, Madina, Jeddah na Taif, walizijua mapema nguzo zote nne, na kwamba aliyebeba mzigo wa mkusanyiko alikuwa mwenye nyumba.

Kutoka Hijazi hiyo na Iraki sanaa ya kuimba ilisafiri hadi Andalusia, jina la Hispania ya Kiislamu, ambako mwanamuziki Ziryab, aliyetokea Baghdad, aliwasili Córdoba mwaka 822, na ambako baadaye ulizaliwa mtindo wa muwashaha, ushairi wa beti zenye kibwagizo kinachojirudia na vina vinavyobadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Mtindo huo ulienea mashariki tena hadi Misri, Shamu na Hijazi, na katika miji ya Hijazi upo uimbaji wa kundi uitwao sahba, ambao wenyeji huunasibisha na muwashaha za Andalusia, na ambamo kiongozi hutangulia kwa mstari na wenzake huudaka kwa sauti moja. Hivyo mwimbaji wa likizo anayekaa katika vilima vya Andalusia na mzee wa Hijazi anayeitikia sahba barazani wana uhusiano ambao ramani za utalii hazionyeshi, ingawa mmoja amefika kwa tiketi na mwingine amerithi.

Msafiri anayeanzia Jeddah hufanya vyema kulala karibu na Al-Balad, mji mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Nyumba zake za ghorofa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, kama zilivyo nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na madirisha yake ya mbao yaliyochomoza nje, yaitwayo rawashini, huingiza upepo na kuwasitiri waliomo ndani. Mji huu ulikuwa bandari ya mahujaji, na kwa kuwa kila meli iliacha watu wake, nyimbo zake zina alama za Misri, Yemen, Sudan na pwani za Afrika. Simsimiya, kinanda cha nyuzi chenye umbo la kinubi kidogo kinachopigwa katika miji ya Bahari ya Shamu kuanzia Mfereji wa Suez hadi Yanbu na Jeddah, ni ndugu wa vinubi vya Wanubi, na wapigaji wake hawakai mbali na wasikilizaji bali hukaa katikati ya watu wanaopiga makofi na kupokea kiitikio.

Sanaa ya mitaa ya Jeddah na Makka inayomvuta zaidi mwenye kutafuta uimbaji wa pamoja ni mizmari, ambayo iliandikishwa na UNESCO mwaka 2016 kama urithi usioshikika, na ambayo jina lake lisichanganywe na zumari la kupuliza. Huchezwa usiku, kwenye harusi, sikukuu na mikusanyiko ya mitaa. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe husimama katika safu mbili, kila mmoja na fimbo yake, kiongozi wa safu ya kwanza hupaza ubeti wa sifa, ujasiri, mapenzi au ukarimu, safu yake huushika, na safu ya pili huurudisha mpaka maneno yamkae kila mtu mdomoni. Ngoma zinapokolea, wawili hujitokeza kutoka pande mbili, huzungusha fimbo kwa wepesi wakiuzunguka uwanja, ambao mara nyingine huwa na moto katikati, kisha huwapisha wawili wengine. Asiyejua kuzungusha fimbo hawekwi kando, kwa kuwa kazi yake ni kuitikia na kupiga makofi kwa wakati, na safu isiyoitikia kwa nguvu huwaangusha hata mafundi wake.

Katika harusi za Hijazi msafiri husikia pia majasi, uimbaji wa mtu mmoja usio na ngoma wala mapigo ya kupimwa, ambao fundi wake, aitwaye jasisi, huutoa bwana harusi na jamaa zake wanapopokewa. Japo ni sauti ya mtu mmoja, majasi haikamiliki bila watu, kwani kila mwisho wa mstari huacha nafasi ambayo waliokaa huijaza kwa mlio wa kuridhika, na jasisi hupima kwa mlio huo kama apande juu zaidi au ashuke. Msikilizaji wa Kiswahili aliyezoea kumsikia msomaji wa kasida akiburura neno mpaka hadhira ikajibu hatapata taabu kuelewa kinachoendelea.

Miezi ya kiangazi Jeddah huwa na joto lenye unyevu mwingi, kwa hiyo desturi ya wenyeji, kama ilivyokuwa desturi ya wafalme waliohamishia shughuli za serikali Taif wakati wa kiangazi, ni kupanda mlimani. Njia hupita kandokando ya Makka, ambapo wasio Waislamu hufuata barabara ya mzunguko isiyoingia katika eneo takatifu, kisha hupanda mteremko wa Al-Hada kwa kona nyingi, nyani wakiwa wamekaa kandoni, mpaka Taif iliyo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa hubadilika kabla gari halijafika mjini. Taif inajulikana kwa waridi lake, ambalo huvunwa Machi na Aprili, lakini msimu wa joto ni wa zabibu, makomamanga na matunda ya mpungate yanayouzwa barabarani, na ndipo familia za Jeddah na Makka hujaa.

Malazi ya likizo hiyo huwa katika istiraha, yaani kiwanja kilichozungushiwa ukuta nje ya mji, chenye sebule ya kukaa chini, bustani, jiko na pengine bwawa la kuogelea, ambacho hukodishwa kwa siku, au kwa mwaka mzima na marafiki wanaogawana gharama. Istiraha ndiyo inayoshika nafasi ya nyumba ya shamba ya Hispania. Tofauti ni kwamba haina ratiba ya mazoezi ukutani, kwa sababu usiku wenyewe ndio ratiba: sala ya isha ikisha kuswaliwa, kahawa nyepesi ya iliki na tende hupitishwa, kijana wa nyumba akimimina kwa mkono wa kushoto na kutoa kikombe kwa mkono wa kulia, na mgeni hutikisa kikombe akitosheka, la sivyo kitajazwa tena. Nyimbo huja baada ya mazungumzo kukolea, na buhuri inapopitishwa mwishoni kila mtu huelewa kwamba muda wa kuaga umewadia.

Sanaa ambayo Taif inajivunia ni majruri, ambayo kwa macho ndiyo nzuri kuliko zote za njia hii. Wachezaji huvaa vazi jeupe linalobana kifuani na kuwa na marinda mapana kuanzia kiunoni, hupiga magoti katika safu mbili zinazokabiliana, huimba huku wakipiga matari, kisha husimama na kuzunguka, na marinda yakafunguka. Kabla ya hayo yapo maandalizi ambayo mtazamaji wa jukwaani hayaoni. Tari ni ngozi iliyowambwa kwenye duara la mbao, na hewa ya usiku wa mlimani huilegeza, kwa hiyo mafundi hulisogeza kwenye moto wa kuni au jiko la umeme, hulizungusha taratibu ili ngozi isiungue upande mmoja, hulibisha kwa ncha ya kidole karibu na sikio, na hulirudisha motoni mpaka sauti yake ilingane na ya matari mengine. Kazi hiyo hufanywa huku watu wakizungumza, na mgeni anayekabidhiwa tari alipashe moto amekwisha kuaminiwa.

Kwa mwenye asili ya uswahilini, hata hivyo, linalogusa zaidi katika Taif huenda likawa muhawara, malumbano ya washairi wawili wanaotunga papo hapo mbele ya safu mbili. Mshairi wa kwanza hutoa mistari yake kwa mahadhi yaliyokubaliwa, nayo safu yake huyarudia maneno hayo mara kadhaa kwa makofi na kuyumba, na marudio hayo yana kazi mbili kwa pamoja: huwahakikishia waliokuja kwamba kila mtu amelisikia fumbo, na humpa mshairi wa upande wa pili muda wa kulifumbua na kupanga jibu lenye mizani na vina vilevile. Safu ikirudia haraka mno, mjibu hukosa pumzi ya kufikiri, na ikivuta sana, watu hupoa. Anayejua jinsi washairi wa pwani ya Kenya na Tanzania wanavyojibizana kwa mafumbo atatambua mchezo wenyewe, ila hapa waitikiaji wamefanywa kuwa saa ya mashindano. Si ajabu kwamba karibu na mji huu ndipo lilipokuwa soko la Ukadhi, ambako kabla ya Uislamu Waarabu walikutana kila mwaka kwa biashara na kushindanisha mashairi, na ambalo serikali ililifufua kama tamasha mwaka 2007.

Kutoka Taif hadi Riyadh ni zaidi ya kilomita 700 za jangwa, na msafiri anapofika katika uwanda wa Najdi hukuta joto kavu linalopita nyuzi 40 mchana wa kiangazi, pamoja na uimbaji wenye haiba nyingine. Ardha ya Najdi, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2015, ilikuwa ngoma ya kuwaandaa wapiganaji, na leo ni ngoma ya taifa, ikichezwa katika Siku ya Kuasisiwa kwa Dola, tarehe 22 Februari, na Siku ya Taifa, tarehe 23 Septemba. Mshairi husoma ubeti, safu mbili za wanaume waliosimama bega kwa bega wakiwa na panga huupokea kwa zamu, na kati yao wapigaji hugawanyika katika makundi mawili, la ngoma kubwa zinazoshika pigo la msingi na la ngoma ndogo zinazolipamba. Mwendo wake ni wa polepole, magoti yakikunjika kidogo na upanga ukiinuka na kushuka, na uimbaji wake ni mzito kama wa watu wanaokula kiapo. Mahali panapofaa kuitazama ni Diriyah, pembeni mwa Riyadh, ambako mtaa wa At-Turaif, makao ya kwanza ya ukoo wa Saud yaliyojengwa kwa matofali ya udongo, uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2010.

Ardha pia inaonyesha wazi jinsi safu inavyompokea mgeni. Watu wa familia ya kifalme ya Saudi Arabia humkabidhi mgeni wao upanga na kumsimamisha kando yao, kama alivyofanyiwa Charles wa Uingereza, akiwa bado mwanamfalme, Riyadh mwezi Februari 2014, na rais wa Marekani Donald Trump mwezi Mei 2017. Hakuna aliyetarajia kwamba wageni hao wangejua beti, kwa kuwa heshima imo katika kusimama mahali palipoachwa wazi kwa ajili yao. Kanuni hiyohiyo hutumika katika harusi ya mtu wa kawaida, ambapo mfanyakazi wa kigeni aliyealikwa na mwajiri au jirani huvutwa kwa mkono mpaka kwenye safu, na kukataa mara ya pili huonekana kuwa ni kujitenga.

Yote yaliyotajwa hadi hapa ni ya wanaume, na msafiri wa kike hufuata njia yake. Katika Riyadh harusi za wanawake hufanyika katika kumbi zao, simu zikiachwa mlangoni ili picha zisitoke nje, na burudani huongozwa na kundi la wanawake waimbaji na wapiga matari wanaoitwa tagagati, ambao wengi wao ni wa asili ya Kiafrika. Huketi kwa mstari kwenye jukwaa, kiongozi akishika kipaza sauti na wenzake wakiitikia na kupiga, na usiku huanza kuchelewa na kuendelea hadi karibu na alfajiri. Wageni hawaketi wakasikiliza tu, kwa sababu wimbo hutungwa au kurekebishwa ili kuzitaja familia mbili zinazoungana, na kila jina linapotajwa jamaa zake huinuka kucheza. Mwanamke wa Mombasa au Unguja aliyezoea taarabu ya harusini hahitaji kufundishwa lini asimame.

Katika miaka ya karibuni nchi hii imeongeza njia nyingine. Baada ya Mamlaka Kuu ya Burudani kuanzishwa mwaka 2016, Wizara ya Utamaduni mwaka 2018 na Kamisheni ya Muziki mwaka 2020, matamasha ya hadharani yalirudi, na viza ya utalii iliyotolewa kuanzia Septemba 2019 ikawawezesha wageni kufika kwa ajili ya starehe tu. Orkestra na Kwaya ya Taifa ya Saudi Arabia, yenye waimbaji waliofundishwa kusoma noti, imepeleka nyimbo za mikoa hii Paris mwaka 2022, New York mwaka 2023, na London mwaka 2024. Mtangulizi wa kazi hiyo ni Tariq Abdulhakim, mzaliwa wa Taif na ofisa wa jeshi aliyesomea muziki Misri katika miaka ya 1950 na kurudi kufundisha muziki wa jeshi, ambaye alifariki mwaka 2012, na ambaye leo ana kituo cha makumbusho Jeddah. Kwa njia ya noti, wimbo wa safu unaweza kuimbwa na mtu asiye wa mtaa wala kabila, jambo ambalo linaufanya ukaribie kwaya za likizo za Hispania, na bila shaka linauokoa usipotee pale mitaa inapobomolewa na vijana kuhamia mijini.

Hata hivyo, kinachoandikwa katika noti ni tuni na mapigo, na nyimbo za safari hii zina kitu cha tatu ambacho ni upande wa pili wa safu. Kwaya inapoimba ikiielekea hadhira, safu inayojibu imeondolewa na mahali pake pamewekwa viti, hivyo muhawara hukosa saa yake, mizmari hukosa mpinzani wa kuudaka ubeti, na ardha hukosa pengo la kumwekea mgeni. Kwa sababu hiyo mwimbaji anayekusudia kutumia likizo yake kati ya Jeddah na Riyadh atafaidika zaidi akitafuta mwenyeji kabla ya kutafuta tiketi ya tamasha: mfanyakazi mwenzake, jirani wa ghorofa moja, au mzazi wa mwanafunzi wake, ambaye atamwalika istiraha au harusini. Maandalizi yake hayahitaji sauti nzuri wala kujua solfa. Yanahitaji kujua salamu ndefu za Kiarabu, kumwita mwenyeji kwa jina la mwanawe wa kwanza kama desturi inavyotaka, kukubali kukesha, na kuitikia kwa nguvu neno la mwisho la mstari hata kama maana ya mstari mzima bado haijamfikia, kwa sababu katika safu za nchi hii hata anayejua neno moja ana sehemu yake ya kuimba.